Mwanafunzi wa Picha na Karatasi za Sabuni

Mtoto akichora ng'ombe kwa mkaa juu ya ukuta uliopakwa chokaa jana, mara nyingi hupata fimbo kwanza, na maswali baadaye. Hatusemi ukuta uachwe uchafuke. Lakini yafaa sisi wazazi tujue habari za Bibi Rosemary Karuga wa Kenya, maana masomo yake ya picha hayakwenda kama watu wanavyodhani masomo huenda. Yalianza vizuri, yakasimama kwa miaka zaidi ya thelathini, kisha yakaanza upya kwa vitu ambavyo katika nyumba zetu hutupwa jalalani au hutumika kuwashia moto.

Alizaliwa Meru mwaka 1928. Baba yake alikuwa mtu wa Uganda na mama yake mtu wa Kenya. Mwaka 1950 aliingia Makerere, huko Kampala, kusoma sanaa. Kwa msichana wa siku zile jambo hili halikuwa dogo. Makerere ilikuwa imepokea wasichana wa kwanza mwaka 1945 tu, nao walikuwa sita. Kabla ya hapo mwito wa chuo ulikuwa maneno haya: "Na tuwe wanaume." Ikabidi utafutwe mwito mwingine, kwani ule usingekaa vema midomoni mwa wasichana! Na katika darasa la sanaa, Rosemary ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza.

Darasa lenyewe lilianzishwa na Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, mke wa daktari. Mwaka 1937 alianza kufundisha wanafunzi wachache barazani mwa nyumba yake. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia hadithi, au aliwaeleza jambo fulani, shughuli ya sokoni au kazi ya shambani, kisha kila mmoja alichora alivyoliona moyoni mwake. Wanafunzi wawili wakachora jambo lile lile, na picha zisifanane hata kidogo. Humo walipita Gregory Maloba wa Kenya, mchongaji, na Sam Ntiro wa Machame, mchoraji, ambao wenyewe wakawa walimu wa Makerere.

Rosemary alisoma mpaka mwaka 1952, nayo masomo yake yalikuwa ya namna tatu: kubuni mapambo, kupaka rangi, na kuchonga. Mtu asiyejua aweza kudhani hizi ni kazi moja. Sivyo. Anayepaka rangi hufikiri juu ya jirani: nyekundu hii ikikaa karibu na kijani ile itasema nini? Mchongaji hufikiri juu ya kuondoa, maana kila kipande kinachoanguka hakirudi. Na anayebuni mapambo hufikiri kama mama anayesuka mkeka: umbo dogo hurudiwa na kurudiwa mpaka macho yapate raha. Mwanafunzi anayezionja zote tatu huonekana kama mtu anayetangatanga. Wazazi wengi humwuliza, "Basi, wewe hasa ni fundi wa nini?" Naye hana jibu bado, wala si kosa lake. Mkono bado watafuta kazi iliyo yake.

Baada ya masomo alirudi Kenya akawa mwalimu wa shule. Akaolewa, akalea watoto. Miaka ikapita, naye akafundisha watoto wa watu wengine kwa muda mrefu, na kazi yake mwenyewe ya picha ikawa kama jembe lililowekwa darini.

Wako wanaosema kwamba miaka ile ilipotea bure. Wengine husema haikupotea hata siku moja, kwani ualimu na ulezi ni wito mtakatifu. Mimi naona kila upande umeshika nusu. Ni wito mtakatifu kweli. Lakini picha ambazo mwanamke angezifanya akiwa na miaka thelathini au arobaini hazitafanywa na mtu mwingine, wala yeye mwenyewe hawezi kuzirudia akiwa na miaka sitini. Hasara hiyo ilikuwapo, na nyumba nyingi zenye binti hodari zaijua, hata kama haitajwi mezani.

Ikafika miaka ya 1980, ualimu ukiwa umefika mwisho wake. Rangi za mafuta na vitambaa vya kuchorea ni vitu vya bei. Basi Bibi Rosemary akachukua alichokuwa nacho nyumbani: karatasi za kufungia sabuni ya Rexona na pakiti za unga. Alizikata vipande vidogo vidogo, akavipanga na kuvibandika kwa gundi, kipande juu ya kipande, mpaka mnyama au mtu akatokea. Ukiwa mbali waona picha iliyopakwa rangi. Sogea karibu, kumbe ni vipande tupu, na huenda herufi ya jina la sabuni ikakuchungulia kutoka katika manyoya ya ndege.

Hapo ndipo yale masomo matatu ya Makerere yalipokutana. Ujirani wa rangi ulitoka katika uchoraji. Kukata bila kurudi nyuma, katika uchongaji. Na kurudia umbo dogo, katika mapambo. Yule aliyeonja kazi tatu alipata ya nne, ambayo hakufundishwa na mtu.

Na alionyesha nini? Aliyoyajua: wanyama, ndege, watu wa kijiji na kazi zao za kila siku. Kanga wa porini alimfaa sana, maana ndege yule amekwisha umbwa kwa madoadoa. Pia alitengeneza picha za kufuata hadithi ya Amos Tutuola wa Nigeria, ile ya mlevi wa tembo aliyemfuata mgema wake mpaka mji wa wafu. Msomaji atakumbuka lile darasa la Bibi Trowell: sikiliza hadithi, kisha chora uliyoyaona moyoni.

Mwaka 1987 alikaa kama msanii mgeni katika nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau. Bwana Njau ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, na mwanafunzi wa Makerere vilevile. Ndiye aliyechora ukutani mwa kanisa la Waanglikana la Murang'a habari za maisha ya Bwana wetu, akiziweka katikati ya watu na vilima vya Kenya. Amejulikana kwa neno lake kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Neno kali, lakini lilimfaa mama aliyeacha kungoja rangi za dukani.

Mwaka 1990 picha zile za karatasi zilivuka bahari mpaka Harlem, New York, katika jumba la sanaa liitwalo Studio Museum. Zilionyeshwa pamoja na kazi za El Anatsui wa Ghana, na za Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, yule aliyetengeneza Njia ya Msalaba ya Kanisa la Mtakatifu Paulo, Ebute Metta, Lagos. Katika wasanii wote wa maonyesho yale mwanamke alikuwa Bibi Rosemary peke yake. Alifariki mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 92.

Sasa turudi kwa mtoto wako na ukuta wako. Mpe sanduku, aweke humo pakiti za chumvi, za majani ya chai, za sabuni na za unga, kila rangi mahali pake. Achane kwa vidole ikiwa mkasi hamna. Ukingo uliochanika hupendeza kwa manyoya na majani. Chini aweke karatasi ngumu ya boksi. Gundi ya dukani ikikosekana, uji mzito wa unga wa muhogo watosha. Ila uchemke vizuri, na picha ianikwe mpaka ikauke kabisa, kwani mende huupenda sana uji ule.