Mzazi Haishii Mlangoni pa Skuli

Na Katibu wa Chama



Kwa kawaida ukurasa huu huwa wa habari za karafuu: bei, magunia, majamvi na malipo ya msimu. Safari hii naleta habari ya watoto. Nimeipata ugenini, kwa wakulima wenzetu wa kahawa wa Mkoa wa Kagera, na nimeona si haki kuificha, kwa sababu na mimi mwenyewe imenigusa.

Kagondo ni jina la mahali pawili. Iko kata ya Kagondo katika Manispaa ya Bukoba, na iko Kagondo ya Muleba, penye hospitali ijulikanayo kwa jina hilo. Mimi nilifikia hiyo ya Muleba. Huko mkulima hukaa katikati ya kibanja chake. Migomba imeizunguka nyumba, na mibuni imepandwa kivulini mwa migomba. Kahawa yao ya maganda huanikwa juani, na macho ya mwenyewe yako mawinguni, kama yetu sisi wakati wa kuanika karafuu. Kwa hiyo sikujiona mgeni sana.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Jioni ya pili alikuwa akipima kahawa yake kabla ya kuipeleka chamani, na mizani ilikuwa ya kuazima. Akapandisha gunia la kwanza, akasoma, nami nikaandika. Pale pale mwanawe, kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, akamshika baba yake mkono, akamwonyesha mizani, kisha akasema naye kwa vidole. Mzee akacheka, akaliteremsha gunia. Kumbe mshale haukuanzia kwenye sifuri. Ulikwisha tangulia kilo mbili kabla hatujaweka kitu. Sisi watu wazima wawili hatukuona.

Nikasema, "Mzee, bubu huyu ana akili sana."

Akanitazama kidogo, kisha akajibu, "Huyu si bubu, Bwana Katibu. Ni kiziwi, maneno anayo tele. Bubu wa nyumba hii nilikuwa mimi, miaka mitano."

Akanieleza. Mtoto yule aliugua homa kali alipokuwa mdogo, na masikio yake hayakusikia tena. Wakampeleka Bukoba, katika shule ya Mugeza Viziwi, ambako watoto wasiosikia hufundishwa kwa lugha ya alama. Siku ya kumpeleka, mzee alimshukuru Mungu, akarudi kibanjani kwake, akaona kazi yake imekwisha. Kila likizo mtoto alirudi na maneno mengi mikononi, na nyumbani hapana wa kuyapokea. Akawa hula, hulala, huchunga mbuzi. Na likizo ikiisha, hukimbilia gari kama mtu atokaye kifungoni.

"Nikaona mwanangu anafurahi kuondoka kwangu," alisema mzee. "Jambo hilo lilinikata maini."

Basi mama yake ndiye aliyeanza. Kila alipopata nauli alikwenda shuleni, akakaa na mwalimu, akajifunza alama tatu nne, akarudi akazifundisha nyumba nzima. Wadogo wa kijana walizishika upesi kuliko wakubwa. Baba alikuwa wa mwisho, kwa haya. Leo anaweza kumtuma, kumwonya, kumwuliza shauri, na kama nilivyoona, kusahihishwa naye.

Usiku ule sikupata usingizi. Nina binti yangu wa miaka saba. Kwa misimu miwili mwalimu wake wa chuoni alikuwa akiniambia kuwa hashiki somo, akiitwa haitiki, akisomeshwa alifu hutazama mdomo wa mwalimu tu. Nikamwona mkaidi, na nakiri mbele yenu kuwa nilimpiga kwa hilo. Sikio lake lilikuwa likitoka usaha mara kwa mara, nasi tukimtia mafuta ya karafuu, tukidhani dawa ya jino ni dawa ya sikio pia. Mimi ndiye niwaandikiaye barua zenu, nimesoma chuoni na sekondari, na sikuwahi kujiuliza kama mwanangu anasikia.

Niliporudi nilimpeleka hospitali siku ya tatu yake. Ngoma za masikio yote mawili zilikuwa zimetoboka. Daktari alinikanya nisitie tena mafuta wala kitu chochote sikioni. Usaha umekauka kwa dawa, lakini usikivu wote haukurudi, na haijulikani kama utarudi. Sasa hukaa safu ya mbele skuli, na mwalimu husema naye uso kwa uso. Mwezi wa pili wa kukaa hapo alisoma peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa karibu sehemu 60 katika kila 100 za upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yawezayo kuzuilika, na maradhi ya sikio ni mojawapo. Fikirini, basi, ni watoto wangapi tunaowaita wakaidi.

Ndugu zangu, si kwamba njia haiko. Skuli ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950. Skuli ya viziwi ya Tabora ikafuata mwaka 1963. Bukoba kwenyewe, mbali na skuli ile ya viziwi, iko Mugeza Mseto, ambako watoto wenye ulemavu husoma pamoja na wenzao. Kwetu Zanzibar elimu ilitangazwa kuwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964. Sheria ya watu wenye ulemavu tulikuwa nayo mwaka 2006, ikaja mpya mwaka 2022. Bara wana yao ya mwaka 2010. Haya yote ni mema. Lakini sheria haiwezi kujifunza alama kwa niaba ya baba, na mwalimu hawezi kuwa mama wakati wa likizo.

Huko Kagera nimelifahamu jambo hili kwa uchungu zaidi. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoingia katika mikoa ya Ziwa, miaka ya 2006 na baadaye, watoto wengi walipelekwa katika skuli za bweni ili wapate usalama. Hatari hiyo haijawa hadithi ya kale: mwaka 2024, katika wilaya hiyo hiyo ya Muleba, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alinyakuliwa usiku nyumbani kwao, akakutwa ameuawa. Ukuta wa skuli, basi, una kazi yake. Lakini mtoto aliyewekwa nyuma ya ukuta, asitembelewe wala kurudishwa kwao likizo, amepona roho na amepoteza ukoo. Mzazi asiyeweza kumchukua nyumbani na aende yeye kwa mtoto.

Turudi kwetu. Msimu ukifika, yule mtoto tunayesema hafundishiki ndiye tumkalishaye jamvini kuchambua karafuu na makonyo kutwa nzima, wala hachanganyi. Akili ya kutenganisha karafuu na kikonyo anayo. Ya kutenganisha herufi na herufi tumeamua wenyewe kuwa hana. Na akiwa hatembei vizuri au haoni, wengine humfungia chumba cha uani wageni wakija. Mtoto wa namna hiyo hahesabiwi skuli wala mtaani, na lililofichwa halipati msaada.

Kwa hiyo natoa nasaha hizi, nami nikijinasihi kwanza.

Kwanza, mchunguze mtoto mapema. Mwite akiwa amekupa kisogo. Mwonyeshe kitu cha mbali. Ukiona shaka, nenda hospitali kabla ya kwenda kwa fimbo. Miaka ya mwanzo ndiyo ya kushika lugha, iwe ya mdomo au ya mikono, na ikipita hairudi.

Pili, mwandikishe skuli, ukamweleze mwalimu hali yake bila ya kuona haya. Mwalimu wa darasa la watoto wengi hawezi kuyajua uyajuayo wewe.

Tatu, uwe na siku ya kwenda skuli hata kama hukuitwa. Wengi wetu huitwa kwa kosa la mtoto tu. Tuzoee kwenda kwa maendeleo yake.

Nne, yajifunze ayajifunzayo. Mwenye mtoto kiziwi na awatafute watu wa Chama cha Viziwi Zanzibar wamwonyeshe alama. Usiseme umri umekupita. Mzee wa Kagondo alianza akiwa na mvi.

Tano, msimu usimtoe mtoto yeyote darasani. Karafuu ikibaki mtini leo itachumwa kesho, na hasara yake tutaipima kwa pishi. Hasara ya somo haina pishi.

Kamati imekubali kuwa katika mkutano wetu mkuu ujao, kabla ya msimu kuanza, tutamwalika mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu atusemeshe kwa muda wa saa moja. Mabibi waje pia, maana ndio aghalabu wanaoanza kazi hii. Na mwanachama mwenye mtoto nyumbani ambaye hajaandikishwa popote, na aje anione faragha. Sitamwuliza kwa nini amechelewa, maana mimi mwenyewe nilichelewa.

Juzi binti yangu alinikuta naandika haya. Akasimama mbele yangu nipate kumwona, akanishika kidevu, akaugeuzia uso wangu kwake, ndipo aliposema alilotaka. Hivyo ndivyo tunavyozungumza sasa.

Wassalaam.