Makosa ya Sentensi za Kiingereza katika Shule za Karagwe na Kyerwa

Mtoto wa Karagwe au wa Kyerwa hupita katika lugha tatu kabla hajawa mtu mzima. Nyumbani hunena Kinyambo. Katika shule za msingi za serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kama ilivyoamriwa mwaka 1967. Naye aingiapo kidato cha kwanza, karibu masomo yote humgeukia kuwa ya Kiingereza. Nchi hii si ngeni kwa lugha za kujifunza. Mwaka 1861 msafiri Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika, aliandika kwamba mfalme yule alimwamkia kwa Kiswahili kizuri. Basi akili ya kujifunza ipo tangu zamani. Kinachotakiwa ni mwalimu ajuaye kosa linatoka wapi.

Tulipata kuona daftari la mwanafunzi mmoja aliyeulizwa kwa nini mibuni hupandwa pamoja na migomba. Alijibu hivi: "The banana it gives shade, the coffee likes shade, the leaves they fall, become manure." Jibu lote lilipigwa mstari wa wino mwekundu, wala hakupewa alama hata moja. Lakini aliyosema ni kweli: kivuli cha mgomba huufaa mbuni, na majani yaangukayo huwa mbolea. Mtoto yule alijua kibanja cha baba yake. Asichokijua ni mpaka wa sentensi ya Kiingereza. Tutalitumia jibu lake kama kielelezo.

Kosa la kwanza ni kuunganisha sentensi kwa mkato peke yake. Katika Kiswahili twasema, "Alikwenda kibanjani, akakata ndizi, akarudi nyumbani," na maneno haya ni mazuri kabisa, kwa maana ile -ka- yafunga kitendo kimoja na kingine. Kiingereza hakina -ka-. Mwanafunzi aandikapo "He went to the farm, he cut bananas, he came home," kamba imeondoka, mkato umebaki, nao hauna nguvu ya kufunga. Njia ya kutambua ni rahisi: afunike kwa kidole maneno yaliyo upande mmoja wa mkato, asome upande wa pili, kisha afanye vivyo hivyo kwa upande ule mwingine. Kama kila upande waweza kusimama peke yake, mkato hautoshi. Dawa ni tatu: aweke nukta, au aongeze neno la kuunga kama "and" baada ya mkato, au aufanye upande mmoja umtegemee mwenziwe kwa neno kama "because" au "when".

Kosa la pili ni kutaja mtenda mara mbili: "The banana it gives". Katika "Mgomba unatoa kivuli", herufi u- ni lazima, hata kama mgomba umekwisha tajwa. Mtoto huigeuza ile u- kuwa "it", akidhani ametimiza wajibu. Na afundishwe kwamba katika Kiingereza jina likiwapo, "it", "he" na "they" hukaa nje. Ndugu ya kosa hili ni "the man whom I saw him", litokalo katika "mtu niliyemwona". Ile -mw- yetu haina mahali katika sentensi ile.

Kosa la tatu ni kinyume cha la pili, yaani kumwacha mtenda. "Inanyesha" ni sentensi kamili kwetu, neno moja tu. Mtoto huandika "Is raining". Kwa sababu hiyo hiyo aliandika "become manure" baada ya mkato, pasipo mtenda wala neno la kuunga. Kadhalika wengi huandika "Because the soil is dry," kisha huweka nukta. Mtu akiulizwa kwa mdomo, jibu hilo latosha. Katika maandishi msomaji hungoja sehemu iliyobaki, asiione.

Kosa la nne ni kuunga mara mbili: "Although it rained, but we went." Kiswahili huvumilia "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda." Kiingereza hutaka kiungo kimoja tu, "although" ikibaki, "but" iondoke.

Hata hivyo tusiseme kwamba kila kosa hutoka katika lugha ya nyumbani. Watoto wa Uingereza nao huunganisha sentensi kwa mkato, nao huacha "because" ikining'inia. Tofauti ni kwamba wao husikia Kiingereza mchana kutwa, na wetu hukisikia darasani tu. Kwa hiyo mwalimu ndiye sikio lao.

Katika kusahihisha, yafaa kushika mambo matatu. Kwanza, katika masomo yasiyo ya lugha, maarifa yapimwe mbali na sarufi, mtoto ajue kwamba alilolijua limeonekana. Pili, yasisahihishwe makosa yote siku moja. Juma hili mkato, juma lijalo mtenda. Bandu bandu huisha gogo. Tatu, mwalimu asiandike sentensi sahihi badala ya mwanafunzi, bali atie alama pembeni, na mtoto apige mstari chini ya mtenda na chini ya kitendo, kisha aisome kwa sauti na kuitengeneza mwenyewe. Tena asione haya kuandika ubaoni sentensi ya Kiswahili au ya Kinyambo kando ya ile ya Kiingereza, ili darasa lione mahali zinapoachana.

Jibu la mwanafunzi wetu, likitengenezwa, ni hili: "The banana gives shade, and the coffee likes shade. The leaves fall and become manure." Tumeondoa "it" na "they", tumeongeza "and" mara mbili, tumeweka nukta moja katikati. Wazo lenyewe halikuguswa, kwa kuwa lilikuwa sawa tangu mwanzo. Mtoto aonyeshwaye hivyo huichukua tena kalamu. Apigwaye mstari mwekundu juu ya yote hujiona mjinga, na huenda asijibu tena.