"Bu" na "Mei": Kukana kwa Kichina

Mfanyabiashara wetu aliyeko Guangzhou anadaiwa fedha za mzigo. Anataka kusema, "Sijalipa." Akitamka "wo bu fu qian", mwenye duka atasikia, "Silipi!" Deni limegeuka ugomvi kwa neno moja tu. Alipaswa kusema "wo mei fu qian".

Sisi hukana ndani ya kitenzi chenyewe: siendi, sitakwenda, sikwenda, sijaenda. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. Kazi hiyo hufanywa na neno linalokitangulia. "Bu" hukana mazoea, nia na mambo yajayo: "wo bu qu", siendi au sitakwenda. "Mei" hukana tendo ambalo halikufanyika au halijafanyika: "wo mei qu", sikwenda. Nilikwenda ni "wo qu le". Lakini ukikana kwa "mei", hiyo "le" huiachi ibaki.

Yako mambo mawili ya kushika kwa moyo. "You", yaani kuwa na kitu, hukanwa kwa "mei" hata kwa wakati uliopo: "mei you qian", sina fedha. "Shi", yaani ni, hukanwa kwa "bu": "bu shi", siyo. Na ukitaka kumkataza mtu, tumia "bie": "bie qu", usiende.

Basi mwanafunzi wa Kichina, kabla hujafungua kinywa jiulize: nakataa, au jambo halijatendeka? Ukikataa, sema "bu". Kama halijatendeka, sema "mei", na mwenye duka atakungoja.