Afya ni Mtaji wa Fundi Aliyejiajiri

Katika familia nyingi za parokia zetu yumo mtu anayeishi kwa kipaji chake. Yupo fundi cherehani anayeshona sare za shule na magauni ya Komunyo ya Kwanza. Yupo mpiga picha wa harusi, mchoraji wa mabango, sonara anayetengeneza pete, na manju anayealikwa na ngoma yake baada ya mavuno. Watu hawa hawana mwajiri, wala hakuna anayewaandikia likizo ya ugonjwa. Fundi akilala kitandani, duka limefungwa na watoto wake wanalijua hilo jioni ile ile.

Wazee wetu wa Shinyanga wanakumbuka tofauti hii vizuri. Mwaka 1940 Dk. John Williamson aligundua almasi Mwadui. Mgodi ule ukawa na hospitali, shule na nyumba za wafanyakazi. Aliyekuwa ndani ya uzio alipougua alijua pa kwenda. Fundi wa nje ya uzio alijitegemea, na mpaka leo anajitegemea. Ndiyo maana tunasema kwamba aliyejiajiri ni mfanyakazi na mwajiri kwa pamoja. Yale ambayo mwajiri mwema angemfanyia, yaani kinga kazini, mapumziko, matibabu na akiba ya uzeeni, ni lazima ajifanyie mwenyewe. Asipofanya hivyo, kipaji chake hakitamfikisha mbali hata kiwe kikubwa namna gani.

KILA KAZI INA MADHARA YAKE

1. Sonara na mnunuzi wa dhahabu. Dhahabu ya wachimbaji wadogo inayoletwa madukani Geita, Katoro na Kahama mara nyingi bado ina zebaki ndani yake, ingawa macho hayaioni. Inapoyeyushwa, zebaki hutoka kama mvuke usio na rangi wala harufu. Mvuke huo huingia mapafuni na kupita kwenye damu, kisha hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau ovyo, hasira za ghafla na fizi kuuma. Kwa sonara, mkono unaotetemeka ni mwisho wa kazi.

Kitambaa puani hakizuii mvuke huu. Usichomee dhahabu ndani ya nyumba, wala usitumie sufuria au jiko la kupikia chakula. Mama mjamzito na watoto wakae mbali kabisa, kwa maana zebaki humdhuru mtoto hata akiwa tumboni. Tumia chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza na kunasa mvuke, na ukifanyie kazi mahali pa wazi. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 iligundulika kwamba watu walikuwa wakiugua vibaya. Walikuwa wamekula samaki waliochafuliwa na zebaki ya kiwandani.

2. Fundi cherehani. Adui zake ni mgongo, shingo na macho. Fundi anapofikisha miaka 40 hivi, huanza kuona shida kutunga uzi kwenye sindano. Wengi hudhani macho yameharibika, wakaiacha kazi waliyoifanya miaka ishirini. Mara nyingi ni badiliko la kawaida la umri, na miwani ya kusomea humrudisha kazini. Pima macho kwanza kabla ya kuuza cherehani. Kaa karibu na dirisha, inua kiti kilingane na meza, na simama ujinyooshe kila baada ya nusu saa.

3. Manju, mwimbaji na mwalimu wa kwaya. Sauti ni chombo cha kazi kama jembe. Vumbi la uwanja wa ngoma, moshi wa sigara, pombe na kupiga kelele bila kipaza sauti huikwaruza. Kunywa maji mara kwa mara na uipumzishe sauti siku inayofuata baada ya ngoma. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, mwone daktari. Wale wachezao na nyoka, kama Bagoyangi, wakumbuke kwamba aliyeumwa hupelekwa hospitali mara moja. Asichanjwe jeraha, wala asifungwe kamba ya kubana.

4. Mchonga mawe, fundi seremala na mwenye mashine ya kusaga mawe. Vumbi la jiwe lenye dhahabu lina chembe ndogo zinazoganda mapafuni. Ugonjwa unaotokana nazo hauna tiba, na humfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi. Lowesha jiwe kwa maji kabla ya kulipasua. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure, na dawa humezwa mpaka mwisho hata kama mtu anajisikia amepona.

UGONJWA UNAOKUJA KIMYAKIMYA

Kazi ya kukaa kutwa, chakula cha haraka na soda badala ya maji huvuta shinikizo la damu na kisukari. Tuna mfano wa msanii mkubwa wa nchi yetu, marehemu George Lilanga, mzaliwa wa upande wa Masasi. Alifanya kazi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll. Picha na vinyago vyake vilionyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Kisukari kilimwandama miaka mingi, akafikia kukatwa mguu, naye akafariki mwaka 2005. Hata hivyo aliendelea na kazi katika ugonjwa wake, kwa sababu alikuwa na wasaidizi aliowafundisha. Hapa tunapata mafundisho mawili: kupima mapema, na kumfundisha mtu mwingine kazi yako kabla hujalazimika.

Mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara nyingi, au mwenye kidonda kisichopona, apime sukari. Aliyekwisha kujua kwamba ana kisukari akague nyayo zake kila jioni.

Tusisahau pia kazi za kuhamahama. Penye uvumi wa dhahabu mpya, fundi na wapiga muziki hufuata wateja, wakalala mbali na familia kwa miezi, na malipo mengine huja kwa chupa. Pombe, uzinzi na UKIMWI vimewamaliza mafundi hodari. Kataa kulipwa pombe, ishi kwa uaminifu katika ndoa yako, na pima damu pamoja na mwenzako. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure.

FEDHA NAYO NI AFYA

Mapato ya aliyejiajiri huja kama mvua ya Usukumani: yananyesha kwa kishindo, kisha jua. Fundi cherehani hupata wateja wa Noeli mwezi Desemba na sare za shule Januari. Baadaye hungoja mpaka pamba iuzwe. Katika miezi ya katikati hula mara moja kwa siku, huacha dawa za shinikizo la damu, na mtoto mwenye homa hucheleweshwa nyumbani.

Tuchukue mfano. Tuseme fundi, baada ya kutoa gharama za uzi na pango, amebakiwa na sh. 900,000 Desemba na sh. 700,000 Januari. Februari, Machi na Aprili anapata sh. 100,000 kila mwezi. Jumla ni sh. 1,900,000 kwa miezi mitano. Akijilipa mshahara wa sh. 380,000 kila mwezi, familia haitalala njaa Machi. Akila za Desemba zote Desemba, atakopa. Basi afanye hivi:

(a) Ajilipe mshahara sawa kila mwezi, na zinazozidi aziweke mbali na nyumbani, katika SACCOS, VICOBA au benki.

(b) Apange bei yenye siku za ugonjwa ndani yake. Anayehesabu kitambaa na uzi tu amejisahau yeye mwenyewe.

(c) Apokee malipo ya awali na kuyaandika, ili asikeshe akishona kwa mkopo usiolipwa.

(d) Ajiunge na bima ya afya pamoja na familia yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Uliza utaratibu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mfuko wa NSSF nao hupokea wanachama waliojiajiri kwa ajili ya uzee.

(e) Asiwe peke yake. Wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1990. Hapa kwetu Wasukuma wana Bagobogobo, waliokwenda shambani pamoja kwa jembe na ngoma. Mafundi watano wa kigango kimoja wanaweza kuweka mfuko mdogo, na mmoja akiugua wengine wakamalizia kazi za wateja wake.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wengi huogopa mtoto anaposema anataka kuwa mchoraji au mwanamuziki. Hofu hiyo ina sababu, maana wamewaona wenye vipaji wakiishia kwenye umaskini na ugonjwa. Lakini kumkataza peke yake hakusaidii. Mfundishe mapema kuandika mapato, kulala saa za kutosha, kukataa kulipwa pombe na kupima afya yake hata asipoumwa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa asiye na mwajiri kinga ni nafuu zaidi.

Basi wiki hii, wewe uliyejiajiri, fanya mambo matatu. Pima shinikizo la damu, sukari na macho. Andika mapato yako ya miezi mitano iliyopita. Kisha keti na mwenzako wa ndoa, mkubaliane ni kiasi gani kitawekwa kando kwa ajili ya siku ambayo duka litafungwa.