Kompresa ya kupakia gari: usiulize lita za tangi, uliza upepo

Mwezi uliopita nilipanda Nairobi, nikafikia kwa mpwa wangu anayeishi Mountain View, ule mtaa wa kando ya Waiyaki Way uliopakana na Kangemi. Nilimkuta uani, mikono imejaa rangi na uso umemshuka. Mbele yake ilikuwa Toyota ya marehemu babake, gari iliyokaa Mombasa miaka mingi mpaka jua na chumvi ya bahari vikaimaliza rangi. Mafundi walimtajia bei, akaona heri anunue kompresa, aipake mwenyewe, na mashine imbakie.

Upande mmoja wa boneti uling'aa. Upande wa pili ulikuwa na vipele kama ganda la chungwa na matone makubwa ya rangi. "Mjomba," akaniambia, "muuzaji alisema hii ya lita 50 inapaka gari zima."

Malalamiko haya nayasikia hata huku kwetu. Kwa hivyo, ndugu msomaji, kama una nia hiyo, soma kwanza kabla hujatoa pesa.

Tangi ni akiba tu

Sisi watu wa Mombasa tunajua habari za matangi. Unaweza kuweka tangi kubwa juu ya paa, lakini kama mfereji unatoa maji kama uzi, siku ya harusi litakauka kabla ya adhuhuri. Kompresa ni vivyo hivyo. Tangi huweka akiba, na pampu ndiyo inayoijaza. Nguvu ya pampu hupimwa kwa kiasi cha upepo inachotoa kila dakika, na kwenye kibati cha mashine huandikwa CFM au lita kwa dakika. CFM 1 ni takriban lita 28.

Tufanye hesabu ya mpwa wangu. Bunduki yake ya rangi ni ya aina ya HVLP, inayotaka kama CFM 12, yaani lita 340 kwa dakika. Mashine ndogo kama yake hutoa kama CFM 5, lita 140. Kila dakika anapungukiwa lita 200. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bar 8 hadi bar 3 hutoa lita 250 tu. Dakika moja na robo, akiba imekwisha. Upepo ukilegea, rangi haipasuki tena kuwa ukungu, inatema matone. Ndiyo maana boneti ilianza vizuri ikaharibika katikati.

Anza na bunduki

Watu hununua kompresa kwanza, kisha bunduki. Geuza. Tazama bunduki inataka CFM ngapi na kwa shinikizo gani, halafu tafuta mashine inayotoa zaidi ya hapo kidogo. HVLP nyingi hutaka CFM 8 hadi 14. Ziko bunduki za LVLP zinazotosheka na CFM 3 hadi 5. Hizo huenda polepole, lakini kwa mlango, bampa au boneti zinamfaa mtu wa nyumbani mwenye mashine ndogo.

Dukani jihadhari na mambo mawili. La kwanza, CFM kubwa iliyoandikwa mara nyingi ni ya hewa inayovutwa na pampu. Inayotoka ni pungufu, pengine thuluthi mbili ya hiyo. Uliza ya kutoka. La pili ni nguvu ya farasi. HP 1 ni wati 746. Mashine iliyoandikwa HP 3 lakini kibati cha mota kinasema wati 1,500, hiyo ni ya HP 2. Kwa makisio, HP 1 ya kweli hutoa CFM 3 hadi 4, basi anayetaka CFM 12 ajiandae kwa mota ya HP 3 au 4.

Kama unanunua iliyotumika, funga matundu yote ya kutolea upepo, iwashe, na uangalie saa. Tangi la lita 100 likipanda kutoka bar 4 hadi bar 6 kwa dakika moja, mashine inatoa lita 200 kwa dakika, karibu CFM 7. Maneno ya muuzaji hayabadilishi hesabu hiyo. Kisha tazama tangi chini, ambako maji hukaa na kutu hula kwa ndani. Tangi lililotobolewa na kuchomelewa kiraka, au lililoundwa kutokana na mtungi wa gesi, liache. Likipasuka ni kama bomu.

Bara na pwani si sawa

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Pampu ile ile huko hukusanya hewa pungufu, basi mtu wa bara aongeze kidogo ukubwa wa mashine. Sisi wa pwani shida yetu ni unyevu. Hewa ikishinikizwa huacha maji, na maji yakifika kwenye rangi hutoa vipovu. Weka kichujio cha maji karibu na bunduki, mbali na mashine, ili hewa ipoe njiani. Fungua tangi na umwage maji kila ukimaliza kazi. Mpira wa upepo nao uwe mpana. Mwembamba huubana upepo ulioulipia.

Na stima pia. Soketi ya ampea 13 hubeba kama wati 3,100. Mota ya HP 4 inafika hapo hapo, na inapoanza huvuta umeme mwingi zaidi, hivyo inahitaji laini yake kutoka kwenye bodi. Usiiwashe kwa waya mrefu mwembamba wa kuunganisha, utaunguza mota.

Pafu halinunuliwi

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito. Rangi za 2K, hasa ile kliya ya juu inayochanganywa na hadina, zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ukungu wake huleta pumu, na aliyekwisha kudhurika anaweza kushikwa na pumu baadaye hata kwa kuvuta kidogo sana. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii kitu. Karakana za Uingereza hutakiwa kumvalisha mpulizaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na kazi ifanyike ndani ya chumba maalumu chenye mashine ya kufyonza hewa.

Mountain View ukuta wa jirani uko hatua chache tu, na nyumba za Mji wa Kale zimekaribiana zaidi. Mpwa wangu hakujua kwamba mtoto wa jirani ana pumu mpaka mama yake alipokuja kugonga geti. Dini yetu imempa jirani haki kubwa, na pafu la mtoto wake ni katika haki hizo.

Tulipatana hivi. Kusugua msasa, kupiga fila na kuondoa kutu anafanya mwenyewe uani, maana hapo ndipo kazi nyingi ya kupaka gari ilipo, na bei ya fundi hushuka ukimpelekea gari iliyotayarishwa. Rangi na kliya atapeleka karakana yenye chumba. Kompresa yake ya lita 50 hakuiuza. Inapuliza vumbi, inajaza magurudumu, na akipata bunduki ndogo itapaka makabati ya mamake kwa rangi isiyo na hadina.

Mashine haikuwa mbaya. Ilipewa kazi isiyoiweza, na mwenyewe alinusurika kuivuta hatari ambayo hakuijua.