Matairi ya mbio: Si kila ghali hushika barabara

FIKA Jamhuri Park jijini Nairobi siku ya mashindano ya otokrosi na huenda ukamwona: kijana aliyelipamba gari lake kwa rangi na vibandiko, kisha akatoboa mfuko kununua matairi ya mbio yaliyotumika ng'ambo. Meno ni haba, ubavuni pana jina kubwa la kampuni, na marafiki wamelizunguka gari wakitikisa vichwa kwa husuda. Saa inapoanza kuhesabu, gari linakwenda mrama katika kona ya kwanza, linateleza katika ya pili, na mzunguko unamalizikia vumbini. Anayefuata ana saluni ya kawaida yenye matairi ya bei ya wastani, naye anampiku kwa sekunde kadhaa.

Kosa la kijana huyo si upungufu wa ujasiri. Alichagua tairi kwa kutazama jina badala ya kujiuliza mambo matatu: tairi hili litakanyaga nini, litapata joto kiasi gani, na mashindano yakiisha litanirudisha vipi nyumbani? Swali hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi, ilhali wengi wanaoshiriki michezo hii kwa kujifurahisha hutumia gari lilo hilo Jumatatu kuwapeleka watoto shuleni.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Otokrosi ya Kenya huendeshwa kwenye udongo na changarawe, gari likishindana na saa. Nchini Marekani jina hilo lina maana nyingine. Huko, uwanja mpana wa lami au saruji, aghalabu maegesho ya magari au kiwanja cha zamani cha ndege, hupangwa koni na kila dereva hupita peke yake. Safari moja mara nyingi haizidi dakika moja hivi. Siku ya uwanjani nayo ni ile ambapo mwenye gari hulipa ada na kuruhusiwa kuzunguka uwanja wa mbio kwa dakika 15 au 20 mfululizo pasipo kuwania kombe. Uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani, uliofunguliwa mwaka wa 1927, una siku maalumu ambapo raia yeyote mwenye gari linaloruhusiwa barabarani hulipia na kuingia katika mzunguko wake wa kaskazini wenye urefu wa kilomita 20.8. Hapa kwetu, mbio za kupimana na saa za Kiamburing zimewaonjesha madereva wetu utamu wa ushindani juu ya lami.

Haya ni mazingira matatu tofauti, na kila moja lina tairi lake.

Gari la tani moja na nusu, pamoja na nguvu zote za injini na ubora wote wa breki zake, hushikamana na ardhi kwa vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja si kikubwa sana kuliko kiganja cha mtu mzima. Mpira huo hushika lami kwa njia mbili. Hujikunja na kuingia katika vinyweleo vya mawe yaliyomo kwenye lami, na pia hunatana nayo kama gundi hafifu. Njia zote mbili huhitaji mpira uwe laini, nao ulaini hutegemea joto. Mpira uliotengenezewa mbio za magari huanza kufanya kazi yake ipasavyo ukishapata joto la nyuzi 70 au 80 na kuendelea. Ukiwa baridi, huwa mgumu na huteleza kuliko tairi la kawaida la dukani.

Hapo ndipo siri ilipo. Dereva wa otokrosi ya lami hana muda wa kulipasha tairi joto. Anaanza gari likiwa limesimama, anakata kona kumi au kumi na tano, na mambo yamekwisha. Anahitaji tairi linaloamka mara moja. Dereva wa siku ya uwanjani ana shida iliyo kinyume na hiyo. Baada ya mizunguko mitatu au minne tairi lake limechemka, na lile lililoamka upesi sasa limelainika kupita kiasi, linakuwa telezi kana kwamba limepakwa mafuta, na meno yake yanaanza kumeguka. Kampuni ya Hoosier ya Marekani inaijua tofauti hii vizuri, ndiyo maana imekuwa ikitengeneza tairi la A7 kwa ajili ya otokrosi na R7 kwa ajili ya viwanja vya mbio. Kwa macho yanafanana mno. Atakayeyabadilisha, moja mahali pa jingine, atapoteza sekunde katika otokrosi na atapoteza matairi yenyewe katika siku ya uwanjani.

Wengi wetu, hata hivyo, hatuna haja ya matairi ya aina hiyo, ambayo hayakukusudiwa barabara za umma. Yapo yaliyo katikati, yanayoruhusiwa barabarani lakini yaliyoumbwa kwa kasi: Bridgestone Potenza RE-71RS, Yokohama Advan A052 na Falken Azenis RT660 ni miongoni mwayo. Yote yana nambari 200 ubavuni, na nambari hiyo ina kisa chake. Serikali ya Marekani huwataka watengenezaji waandike kiwango cha uimara wa tairi kikilinganishwa na tairi la kipimo lililopewa nambari 100. Kubwa huashiria tairi litakalodumu, ndogo huashiria mpira laini unaokwisha upesi. Klabu ya magari ya SCCA iliamua kwamba magari katika madaraja yake ya kawaida ya otokrosi yasitumie tairi lenye nambari iliyo chini ya 200, kwa nia ya kuwazuia matajiri wasije na matairi ya siku moja. Lakini nambari hiyo huandikwa na mtengenezaji mwenyewe baada ya majaribio yake. Si ajabu basi kwamba kumezuka matairi yenye nambari 200 ambayo kwa ulaini na kasi ya kuisha hayako mbali na ya mashindano. Msomaji asiichukulie nambari hii kama kipimo cha mizani sokoni.

Miongoni mwa hayo matatu, A052 limepata sifa ya kuamka haraka, na ndiyo maana hupendwa na watu wa otokrosi. Madereva wawili wanaposhirikiana gari moja, jambo la kawaida katika mchezo huo, utawaona wakilinyunyizia maji baina ya zamu ili lisichemke.

Sasa turudi kwenye udongo, maana huko ndiko kwetu. Kwenye changarawe, habari ya mpira kunata haina uzito mkubwa. Kazi hufanywa na meno. Jino la tairi hukwangua tabaka la juu lililolegea ili kulifikia lile gumu la chini, kisha hupata pa kusukumia. Kwa sababu hiyo tairi jembamba mara nyingi hulishinda pana. Jembamba hukata na kuzama, pana huelea juu ya kokoto kama mashua. Ni jambo linalowachekesha mafundi wazoefu kumwona mtu akibandika matairi mapana ya kupendeza, halafu akilalamika kwamba gari halisikii usukani.

Aidha, njia ya otokrosi haikai ilivyo tangu asubuhi hadi jioni. Magari ya kwanza hufagia kokoto na kuzitupa pembeni. Kufikia saa nane mchana palipokuwa na changarawe pamebaki udongo mgumu uliong'aa, na tairi lenye meno marefu na yaliyoachana sasa hutetemeka, hupinda meno yake na kuisha haraka. Mwenye uwezo wa kuwa na seti mbili huanza na la meno makubwa na kumalizia na lenye meno ya kubanana. Asiye na uwezo huo achague la katikati, kisha aende akaikague njia kwa miguu kabla ya kila mzunguko. Mvua ikinyesha, hasa penye udongo mweusi wa mfinyanzi, hesabu zote hubadilika. Hapo hutakiwa nafasi pana baina ya meno ili tope lirushwe nje, la sivyo tairi hujaa na kugeuka donge.

Usisahau ubavu. Jiwe haliui tairi kwa kulitoboa usoni tu, bali pia kwa kulibana dhidi ya rimu au kulichana pembeni. Wanaokumbuka Safari Rally iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 huko Naivasha wanajua jinsi pancha zinavyoweza kuwatesa hata mabingwa. Matairi ya Pirelli yaliyotumika hadi 2024, na ya Hankook yaliyochukua nafasi hiyo 2025, hutengenezwa kwa kuta nzito ambazo tairi la dukani halina. Tairi la lami lenye ubavu mfupi na mwembamba halifai changarawe hata kidogo, liwe la kampuni gani.

Mnunuzi akishajua anachotaka, ajifunze kusoma. Chukua maandishi 205/55 R16 91V. Upana ni milimita 205, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 16. Nambari 91 humaanisha tairi moja linaweza kubeba kilo 615, na V ni idhini ya mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. W ni 270 na Y ni 300. Herufi hizi huonyesha kasi ambayo tairi linaweza kuistahimili, wala hazisemi lolote kuhusu litakavyoshika kona.

Muhimu kuliko zote ni tarakimu nne zilizoandikwa mwishoni mwa msururu unaoanza na herufi DOT. Ukiona 2319, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa matairi manne yaliyong'aa kama viatu vya askari wa gwaride, meno yakiwa kamili, kumbe yalikuwa yamekaa rafuni miaka saba. Mvua ya kwanza ilinifundisha kusoma tarakimu. Mpira hukauka hata usipotumika, na tairi la mbio huzeeka upesi zaidi kwa sababu kila linapochemka na kupoa huwa gumu kidogo kuliko lilivyokuwa. Ndiyo sababu timu za ng'ambo huyauza yangali na meno, na ndiyo sababu bei yake huwa ya kuvutia.

Upepo nao ni somo lenyewe. Tairi lililotiwa PSI 32 likiwa baridi huongezeka kama PSI 1.5 kwa kila nyuzi 10 za joto. Likitoka nyuzi 25 hadi 75 uwanjani, upepo hukaribia PSI 40, tairi huvimba katikati na gari huanza kuteleza. Dereva hulazimika kuupunguza. Njia rahisi ya kujua kiasi ni chaki: chora mstari kutoka usoni mwa tairi hadi ubavuni, zunguka, kisha tazama umefutika hadi wapi. Ukifutika hadi ubavuni, upepo ni mdogo mno na tairi linalalia pembeni. Ukibaki hata kwenye ukingo wa meno, upepo umezidi.

Atakayedhani kwamba haya ni mambo ya watu wa kujifurahisha tu akumbuke Indianapolis, Juni 2005. Siku ya Ijumaa gari la Ralf Schumacher lilipasuka tairi katika kona ya 13 yenye mwinamo na kugonga ukuta. Michelin, baada ya uchunguzi, ilikiri kwamba haikuweza kuwahakikishia wateja wake usalama katika kona hiyo kwa kasi ile. Jumapili, magari 14 yaliyovalia matairi yake yaliondoka uwanjani baada ya mzunguko wa kujipanga, na mbio za Formula One zikaendeshwa na magari sita pekee ya Bridgestone. Kampuni yenye wahandisi wa kupigiwa mfano ilikuwa imeleta tairi lisilolingana na kona moja ya uwanja mmoja. Kwa kuyaondoa magari hayo, angalau ilichagua aibu badala ya maafa.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni wa bei nafuu. Nunua matairi manne mapya ya aina moja, ya barabarani, yenye ubora mzuri. Usiweke mapya mbele na makuukuu nyuma kwa kisingizio kwamba injini inavuta mbele, kwani mbele itashika na nyuma itafagia. Tairi la barabarani huonya kabla ya kuachia: hulia, hutetemesha usukani, hukupa nafasi ya kujirekebisha. La mbio hukaa kimya likikushikilia, halafu huachia ghafla. Mtu ajifunze kwanza lugha ya lile linalosema.

Mbio zikiisha, usikimbilie barabara kuu. Aliyepunguza upepo hadi PSI 32 tairi likiwa moto atakuwa na takriban PSI 26 likipoa, na kwa matairi kama hayo gari lililojaa abiria na vifaa huyumba na kuchemsha kuta za tairi upya. Beba pampu na kipimo chako. Subiri yapoe, pitisha mkono kwa ndani, upande usioonekana ukiwa umesimama, utafute mkato, uvimbe au nyuzi zilizochungulia, kisha ujaze upepo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Na iwapo uliyoyavaa ni yale yasiyo na mifereji, na mawingu yametanda upande wa Athi River, yafungue uyapakie nyuma, uvae yale uliyokuja nayo kutoka nyumbani.