Nambari Tasa Kubwa Hailindi Pesa Zako

Tangu Oktoba 2024, kuanzia soko la Marikiti hadi barabara ya Ndia Kuu, naulizwa swali lile lile: "Maalim, ile nambari tasa kubwa iliyopatikana, wezi wakiipata si wataingia kwenye akaunti zetu?" Hapana. Nambari hiyo haijawahi kulinda akaunti ya mtu yeyote.

Nambari tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe; hii ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kisha utoe 1. Luke Durant wa Marekani ndiye aliyeipata. Ina tarakimu 41,024,320. Ukizisoma moja kila sekunde bila kulala, utachukua mwaka na zaidi ya miezi mitatu. Na iko wazi kwenye intaneti, yeyote anaipakua. Siri gani hiyo?

Ufunguo wa RSA, unaotumiwa na tovuti nyingi kulinda siri, huundwa kwa kuzidisha nambari tasa mbili zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na kufichwa, kila moja ya tarakimu 300 hivi. Jawabu la kuzidisha hutangazwa; kuzifukua zile mbili kutoka humo ndiko kunakozishinda kompyuta. Mtu akiitumia ya Durant, mwizi atagawanya mara moja tu, kazi imekwisha. Wala tasa za kiasi hicho si adimu: kwenye tarakimu 300, kwa wastani nambari moja katika kila 700 hivi ni tasa. Hazitatuishia kamwe.

Ulinzi wa WhatsApp yenu nao umejengwa juu ya tasa ya tarakimu 77 tu, 2 kwa kipeo cha 255 toa 19, na kila mtaalamu anaijua. Kinachofichwa ni nambari nyingine, inayochaguliwa na simu yako. Kwa hivyo acheni kuogopa tasa hiyo kubwa.

Uzuri wa tasa ya Durant uko kwingine: inathibitishwa bila kujaribu kigawanyo hata kimoja. Chukua ndugu yake mdogo, 127, yaani 2 kwa kipeo cha 7 toa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 127, ushike baki. Rudia kwa baki hilo, mara tano kwa jumla: 14, 67, 42, 111, 0. Sifuri imetokea, basi 127 ni tasa. Ya Durant ilidai kurudia mara 136,279,839. Mimi bado nastaajabu kila nikifanya hesabu ya 127 ubaoni.

Unataka kulinda pesa? PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, usimtajie yeyote anayejiita mhudumu, ujumbe wa matapeli upeleke 333 kama uko Safaricom, sasisha programu ya benki. Unataka kuwinda tasa? Programu ya GIMPS, mradi wa kuwinda tasa kama ya Durant, ni bure, ila tafuta kompyuta yenye nguvu na umeme usiokatika. Shirika la EFF la Marekani limeweka zawadi ya dola 150,000 kwa tasa ya kwanza ya tarakimu milioni 100.